Forsyth, Ignatius au Seymour: uanze na nani kati ya maripota waliogeukia riwaya za kijasusi?

Waandishi wa riwaya za kijasusi hutoka sehemu mbili kubwa. Wapo waliokuwa majasusi wenyewe, kama John le Carré, aliyepitia MI5 na MI6, idara za ujasusi za Uingereza za ndani na za nje, kabla kalamu haijaanza kumlisha. Na wapo waliokuwa maripota wa habari za nje: watu waliolala hoteli moja na majasusi, wakapanga foleni moja ya viza, wakawahoji watu walewale, ila walichokipata kilikwenda kwa mhariri. Hapa tunawalinganisha watatu wa kundi la pili: Waingereza Frederick Forsyth na Gerald Seymour, na Mmarekani David Ignatius. Ian Fleming na Graham Greene nao watatajwa, maana msomaji lazima atauliza wako wapi.

Jibu la mwenye haraka ni hili. Kama hujawahi kusoma riwaya ya kijasusi kwa Kiingereza, anza na The Day of the Jackal ya Forsyth. Kama unafuatilia siasa za Mashariki ya Kati na unataka kujua jasusi humpata vipi mtu wa kumpa siri, chukua Agents of Innocence ya Ignatius. Kama umeshasoma nyingi na umechoshwa na mashujaa wasioguswa na risasi, nenda kwa Seymour ukaombe Harry's Game. Sababu zinafuata kwa urefu, kwa kuwa wengi huviacha vitabu hivi katikati, na mara nyingi kosa si la kitabu. Walianza na kisichowafaa.

Walikotoka

Ripota mchanga hufundishwa maswali sita: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi. Ukiwasoma hawa watatu kwa kufuatana utaona kila mmoja ameondoka chumba cha habari na swali lake.

La Forsyth ni vipi. Alizaliwa 1938 huko Ashford, Kent, akarusha ndege za Vampire katika Jeshi la Anga la Uingereza, akajifunza kazi kwenye gazeti la mkoa la Eastern Daily Press, na 1961 akaingia shirika la habari la Reuters. Mwaka uliofuata alikuwa Paris. Wakati huo kundi la OAS, lililoundwa na wanajeshi na walowezi waliokasirishwa na uhuru wa Algeria, lilikuwa linamwinda Rais Charles de Gaulle. Tarehe 22 Agosti 1962 walimmiminia risasi gari lake likipita Petit-Clamart, akatoka mzima. Kazi mojawapo ya maripota wa Paris ilikuwa kumfuata rais kila anakokwenda, ili akiuawa habari isiwapite. Katika kufuata huko Forsyth aliona jambo ambalo wengine hawakulitilia maanani: idara za usalama zilikuwa zimekwisha jipenyeza ndani ya OAS, zinawajua watu wake kwa sura na majina. Kwa hiyo ambaye angefanikiwa ni mgeni wa kukodiwa, asiye na faili popote. Wazo zima la The Day of the Jackal limo humo.

Kutoka Paris alipelekwa Berlin ya Mashariki, kisha akahamia BBC, ambayo 1967 ilimtuma kwenye vita vya Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria. Alitofautiana na mwajiri wake juu ya namna vita vile vilivyokuwa vikitangazwa, akaondoka BBC 1968 na kurudi Biafra kama mwandishi wa kujitegemea. Aliporudi London hakuwa na kazi wala akiba. Januari 1970 alikaa kwenye taipureta, na siku 35 baadaye Jackal ilikuwa imekamilika. Wachapishaji kadhaa waliikataa kwa hoja moja inayoeleweka: de Gaulle yu hai, kila mtu anajua hakuuawa, sasa taharuki itatoka wapi? Hutchinson waliitoa 1971, na 1972 ikapata Edgar, tuzo ya Marekani ya riwaya za uhalifu. Katika kitabu cha kumbukumbu zake, The Outsider cha 2015, Forsyth alieleza kwamba aliisaidia MI6 kuanzia siku za Biafra na kuendelea. Alifariki tarehe 9 Juni 2025.

Ignatius anauliza nani, hasa nani anamwamini nani. Kati ya 1980 na 1983 alikuwa ripota wa Mashariki ya Kati wa The Wall Street Journal, na Beirut ndiyo iliyomfundisha. Aliifuatilia habari ambayo ilikuwa kubwa kuliko gazeti: afisa wa CIA, Robert Ames, alikuwa ameendesha kwa miaka mawasiliano ya siri na Ali Hassan Salameh, mkuu wa usalama wa kiongozi wa Wapalestina Yasser Arafat, na mtu ambaye Israel ilimhesabu miongoni mwa waliopanga shambulio dhidi ya wanamichezo wake kwenye Olimpiki ya Munich. Salameh aliuawa kwa bomu la gari Beirut tarehe 22 Januari 1979. Ames aliuawa tarehe 18 Aprili 1983, bomu lilipobomoa ubalozi wa Marekani mjini humo na kuua watu 63. Ignatius aliandika sehemu ya habari hiyo gazetini. Iliyobaki haikuandikika kama habari, kwani watu walikuwa tayari kumsimulia lakini si kutajwa, naye akaigeuza riwaya iliyotoka 1987. Alihamia The Washington Post mwaka 1986, akawa mhariri wa habari za nje na baadaye mwandishi wa safu, huku riwaya zikiendelea kutoka.

Seymour aliingia ITN, shirika la habari za televisheni la Uingereza, mwaka 1963, akakaa hadi 1978. Aden, Vietnam, Munich 1972, na Ireland ya Kaskazini, pamoja na Derry siku wanajeshi wa Uingereza walipowafyatulia risasi waandamanaji, 30 Januari 1972. Ripota wa televisheni ana tatizo ambalo wa gazeti hana: anapewa dakika mbili, kisha habari inayofuata. Yule mjane uliyemwona akilia, yule askari wa miaka 19 aliyekuwa anatetemeka, hawana nafasi tena kesho. Riwaya za Seymour zinakaa na watu hao. Swali lake halimo kwenye yale sita: baada ya hapo je?

Forsyth: mtambo unaofunguliwa mbele yako

Nguvu ya Jackal ni kwamba kila hatua ina gharama, muda na kikwazo. Muuaji anataka dola 500,000, nusu mkononi kwanza. OAS haina fedha hizo, kwa hiyo inapora mabenki. Uporaji unawashtua wana usalama wa Ufaransa: jamaa hawa wanakusanya fedha za nini? Kutokana na swali hilo wanamtega mlinzi wa viongozi wa OAS, na kutoka kwake wanapata neno moja tu. Angalia jinsi sharti la malipo, lililowekwa kwa busara kabisa katika sura za mwanzo, ndilo linalozaa hatari ya sura za kati. Hakuna bahati nasibu, na hakuna mtu anayesikia siri kwa kupita dirishani.

Mfano wa karibu zaidi ni pasipoti. Muuaji, ambaye jina lake la siri ni Jackal, anazunguka makaburi ya vijijini Uingereza akitafuta mtoto wa kiume aliyezaliwa karibu na mwaka wake mwenyewe na kufa mdogo. Anampata mmoja aitwaye Duggan, anachukua nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, na kwa cheti hicho anaomba pasipoti halali. Mbinu ilifanya kazi kwa sababu rejista ya vizazi na rejista ya vifo hazikuwa zikilinganishwa mtu alipoomba pasipoti. Forsyth hakubuni pengo hilo, alilikuta. Uingereza yenyewe ilikuja kuuita udanganyifu wa aina hii kwa jina la kitabu.

Kinachowashinda wasomaji ni theluthi ya kwanza. Kitabu kina sehemu tatu, na sehemu ya kwanza ni matayarisho matupu: historia ya OAS, vyeo vya polisi ya Ufaransa, fundi wa bunduki wa Brussels, vipimo vya mabomba ambamo bunduki itafichwa. Aliyezoea Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye ngumi huruka mapema, atajiuliza kama amenunua riwaya au ripoti. Vumilia hadi anapoingia Claude Lebel, mpelelezi mpole mwenye mke mkali, aliyepewa kazi ya kumtafuta mtu asiye na jina, sura wala uraia unaojulikana. Kuanzia hapo utasahau usingizi. Kwa kasi ya kurasa 30 kwa usiku, kitabu kinaisha ndani ya wiki mbili, na nusu ya pili huliwa kwa usiku mbili tatu.

Udhaifu wake wa kweli uko kwingine. Wanawake wake ni wachache na wengi wapo kama daraja la kumvusha mwanamume. Watu wake hawana maisha ya ndani: ukimaliza Jackal utajua uzito wa bunduki yake, hutajua anaogopa nini. Katika kitabu kimoja hilo ni faida, kwa sababu muuaji asiye na undani anatisha zaidi. Katika vitabu kumi linachosha.

The Odessa File ya 1972 ndiyo ya kufuata. Mhusika mkuu ni ripota wa Kijerumani, Peter Miller, anayemsaka Eduard Roschmann, afisa wa SS, kikosi cha Wanazi, aliyeongoza ghetto la Riga, mtaa walikofungiwa Wayahudi. Roschmann alikuwa mtu wa kweli na alikuwa bado hai kitabu kilipotoka. Alikufa Paraguay mwaka 1977. Hapa Forsyth ana hasira, na hasira inampa kitu ambacho Jackal hakina.

The Dogs of War ya 1974 inahitaji neno zaidi kwa msomaji wa Afrika. Tajiri wa madini London anagundua platinamu katika nchi ya kubuni, Zangaro, inayofanana sana na Equatorial Guinea ya wakati wa Macías Nguema, na anaajiri mamluki wampindue rais. Kama mwongozo wa jinsi vita hununuliwa, hakuna riwaya inayoikaribia: kampuni tupu ya kusajiliwa, akaunti za benki nje, cheti cha mtumiaji wa mwisho cha silaha, meli ya mizigo isiyoshukiwa, mpaka viatu na sare. Mwaka 2004, Simon Mann na wenzake walipokamatwa Harare wakiwa njiani kwenda kuipindua serikali ya Equatorial Guinea, wengi waliikumbuka riwaya hii. Lakini kwa sehemu kubwa ya kitabu nchi yenyewe ni ramani tu. Wazungu wanapanga, Waafrika wanapangiwa. Forsyth, aliyekuwa upande wa Biafra kwa moyo wote, anajaribu kulisahihisha hilo kurasa za mwisho kabisa, na msomaji aamue kama amechelewa.

Baada ya hapo chagua kwa uangalifu. The Fourth Protocol ya 1984, kuhusu bomu la nyuklia linaloingizwa Uingereza vipande vipande, ni imara. Za miaka ya 2000 zina utafiti mzuri na watu wembamba. Mzee hakuacha kwenda mwenyewe: Machi 2009 alikuwa Bissau, mji mkuu wa Guinea-Bissau, akitafiti The Cobra, riwaya ya biashara ya kokeini, Rais João Bernardo Vieira alipouawa, na kwa ajili ya The Kill List ya 2013 alifika Mogadishu akiwa na zaidi ya miaka 70. Somalia ya kitabu hicho ina vumbi la kweli. Wahusika wake, hapana.

Ignatius: kumpata mtu, na kumbakiza

Kwa Forsyth siri huibwa. Kwa Ignatius siri hutolewa na mtu, na mtu huyo ana mama, ana deni, ana kinyongo, ana fahari. Agents of Innocence inamfuata Tom Rogers, afisa wa CIA anayefika Beirut mwishoni mwa miaka ya 1960 akijua Kiarabu, na Jamal Ramlawi wa Fatah, kundi la Wapalestina la Arafat. Mvutano wa kitabu hauko kwenye bastola. Wakubwa wa Rogers wanataka Jamal asaini, apokee mshahara, awe mali yao kwa karatasi. Rogers anajua kwamba siku Jamal atakapowekewa fedha mezani, ndiyo siku atakayoondoka, kwa sababu anajiona mjumbe wa watu wake, wala si kibaraka. Nani yuko sahihi? Kitabu kinachukua miaka kumi na zaidi ya wakati wa hadithi kulijibu hilo, na gharama inalipwa kwa damu.

Jambo hili linaonekana kwa ufupi zaidi katika Body of Lies ya 2007. Roger Ferris yuko Amman, na bosi wake yuko Marekani akitoa amri kwa simu. Kati yao amesimama Hani, mkuu wa ujasusi wa Jordan, mwenye suti nzuri na adabu. Katika filamu iliyotokana na kitabu hicho kuna tukio ambamo Hani anamkamata kijana mwenye uhusiano na magaidi. Hampigi. Anampa simu aongee na mama yake, naye mama anamshukuru mwanawe kwa zawadi na fedha ambazo kijana hajawahi kutuma. Hani ndiye aliyezituma kwa jina lake. Sasa kijana ana chaguo: aendelee kuwa mtoto mwema, au mama ajue ukweli. Anayetaka kujua tofauti kati ya Ignatius na Forsyth alitazame tukio hilo: hakuna kifaa kinachotumika zaidi ya simu.

Mtego mkuu wa kitabu umeazimwa kutoka vita vya pili vya dunia, pale Waingereza walipoitupa maiti yenye nyaraka za uongo pwani ya Hispania mwaka 1943 ili Wajerumani waipate. Ukiijua historia hiyo, hutapoteza kitu. Utafurahia zaidi kuona inavyogeuzwa.

Kasoro za Ignatius ni tatu. Mapenzi hayaandiki vizuri. Sura zenye mahaba unaweza kuzipitia haraka bila kupoteza uzi. Mazungumzo yake wakati mwingine ni darasa lililovaa kanzu, mhusika akimweleza mwenzake jambo ambalo mwenzake lazima anajua. Na ya tatu ndiyo nzito: yuko karibu mno na CIA. Anaikosoa kama mtu wa nyumbani anavyomkosoa mjomba, kwa uchungu lakini ndani ya familia. Msomaji wa Amman au Nairobi anaweza kuona kwamba Waarabu wake, hata walio werevu kama Hani, wanapimwa kwa kigezo kimoja: wanaisaidia Washington au wanaikwamisha. Yeye mwenyewe analijua tatizo hilo, na A Firing Offense ya 1997, kuhusu ripota anayejikuta amekaribia CIA kupita kiasi, inalichokonoa. Kwa mwanahabari yeyote hicho ndicho kitabu chake cha kusoma, ingawa si kizuri kuliko vyote.

Anayependa teknolojia atavutwa na The Director ya 2014, yenye wadukuzi, au The Quantum Spy ya 2017, kuhusu mbio za kompyuta za kwantamu kati ya Marekani na China. Zinasomeka upesi, ila zinazeeka upesi pia. Beirut haizeeki.

Seymour: bei, na anayeilipa

Harry's Game ilitoka 1975, wakati mabomu ya IRA, kundi lililopigana kuiondoa Uingereza Ireland ya Kaskazini, bado yanalipuka. Waziri wa Uingereza anapigwa risasi London mbele ya familia yake, na Waziri Mkuu, kwa hasira na kwa kutaka aonekane ametenda, anaamuru mtu mmoja apenyezwe Belfast kumtafuta muuaji, nje ya utaratibu wa kawaida. Amri hiyo ndiyo kosa. Jeshi lina watu wake, polisi wana wao, idara ya ujasusi ina wake, na sasa kuna Harry Brown ambaye karibu hakuna anayejua yupo. Seymour alikuwa amesimama barabarani kule kwa miaka. Alijua kwamba opereshini nyingi hazifi kwa sababu ya werevu wa adui, hufa kwa sababu ofisi mbili za upande mmoja hazizungumzi.

Harry ni mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, na ndiyo sababu amechaguliwa. Lakini amekaa nje miaka, na Belfast ni mji ambao lafudhi ya mtu huonyesha mtaa, shule na dini yake. Anatakiwa aseme sawasawa saa 24, akiwa amechoka, akiwa amekunywa, akiwa kitandani na mwanamke. Mtu wa pwani anayejaribu kupita kama mtu wa bara kijijini atauelewa mtihani huo bila kufafanuliwa. Na upande wa pili yuko Billy Downs, muuaji, mwenye mke anayejua kidogo na kuogopa mengi. Ukifika katikati utajikuta hutaki yeyote kati yao afe, na hapo umeshanaswa.

Ugumu wake: Seymour hubadilisha macho kila kurasa chache. Waziri, askari wa doria, kamanda wa IRA, mama jikoni, kila mmoja anashika hadithi kidogo na kuiachia. Kiingereza chake pia ndicho kigumu zaidi kati ya watatu hawa, kina misimu ya kambini na mitaani, na sentensi fupi zilizokatwa. Dawa ni karatasi. Kwa kurasa 50 za mwanzo andika jina, upande na kazi ya kila anayetokea. Baada ya hapo hutaihitaji tena. Ukikataa karatasi utarudi nyuma mara nyingi, na anayerudi nyuma mara nyingi huacha.

Jambo jingine la kujua kabla hujatoa fedha: miisho ya Seymour haifariji. Wanaotaka haki itendeke ukurasa wa mwisho watamchukia. Kwa upande mwingine vitabu vyake vingi vinajitegemea, kwa hiyo unaweza kuokota chochote mezani bila kuuliza ni cha ngapi.

Fleming na Greene

Ian Fleming alianzia Reuters. Aprili 1933 alikuwa Moscow akiripoti kesi ya wahandisi Waingereza wa Metropolitan-Vickers walioshtakiwa kwa ujasusi. Wakati wa vita alikuwa msaidizi wa mkuu wa ujasusi wa jeshi la majini, na baada ya vita akawa msimamizi wa maripota wa nje wa magazeti ya Kemsley, kwa mkataba uliompa likizo ndefu kila majira ya baridi. Likizo hiyo aliitumia Jamaica, akiandika takriban maneno 2,000 kwa siku bila kurudi nyuma kusahihisha, na Casino Royale ikatoka 1953. Ni fupi, kama kurasa 200, na inasomwa wikiendi moja. Lakini humo ujasusi ni ndoto. Ukimtafuta ripota ndani ya Fleming utamwona kwenye vyakula, mitaa na meza za kamari, si kwenye kazi ya siri.

Greene ni jambo jingine kabisa. Alifanya kazi MI6 Freetown wakati wa vita, kisha miaka ya 1950 akawa ripota Indochina. 1953 alikuja Kenya kuandika juu ya Mau Mau kwa The Sunday Times. The Quiet American ya 1955 inasimuliwa na Fowler, ripota Mwingereza huko Saigon anayesisitiza kwamba haegemei upande wowote, hadi inapombidi. Kama utasoma riwaya moja tu kuhusu ripota na jasusi, sioni ya kuishinda hiyo. Haimo katika shindano la juu kwa sababu si riwaya ya taharuki. Anayetaka mbio za kukimbizana hatazipata hapo, na wanaofurahia Greene kwa kawaida hawahitaji ushauri wa kuanza na nani.

Kwa anayetaka kuandika

Waandishi chipukizi wengi huniuliza nani wa kuiga. Kwa ploti, Forsyth: chukua Jackal, na pembeni ya kila sura andika alichohitaji mhusika, kilichomgharimu, na nani ameachwa akijua kitu. Safu hiyo ya tatu ndiyo inayojenga msako. Kwa wahusika wawili mezani, Ignatius. Kwa kuonyesha mji kupitia watu wadogo, Seymour. Kosa la kawaida la anayemwiga Forsyth ni kumwaga utafiti wote: maelezo ya silaha yanabaki hata pale ambapo hayatasababisha lolote baadaye. Kwa Forsyth mwenyewe, katika ubora wake, bunduki inaelezwa kwa kirefu kwa sababu namna ilivyofichwa ndiyo itakayoipitisha kwenye kizuizi.

Kitabu kwanza au filamu?

Inategemea kitabu. Jackal ya 1973, iliyoongozwa na Fred Zinnemann, inafuata kitabu kwa uaminifu na haiharibu kitu, kwa kuwa mwisho unaujua tangu mwanzo. Kwa anayeogopa ile theluthi ya kwanza, filamu ikitangulia husaidia. Mfululizo wa 2024 umehamishiwa siku hizi na ni hadithi nyingine yenye jina lilelile. Harry's Game ilitengenezwa kwa televisheni 1982, sehemu tatu, na wimbo wake wa bendi ya Clannad umedumu kuliko kipindi chenyewe; ina mwisho mzito, kwa hiyo soma kwanza. Body of Lies ya Ridley Scott, 2008, soma kwanza vilevile, kwani mtego wake ni wa mara moja tu. Usishangae ukikuta mke wa Ferris karibu hayupo kwenye filamu na mpenzi wake, ambaye kitabuni ni Mmarekani Alice, amegeuzwa muuguzi aitwaye Aisha.